Kutafuta Maana ya Keria

Neno lilitoka hospitali kubwa ya Kisumu likiwa zima, likapanda gari pamoja na dada yangu mdogo, na lilipofika Port Victoria lilikuwa limeshageuka baiskeli.

Sista wa kliniki ya damu alikuwa amemweleza, kwa haraka ya mtu ambaye foleni yake imefika mpaka kwenye ngazi, kwamba mtoto wake ana selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kujipinda kama mundu na kuziba njia zake zenyewe. Mtoto apewe vidonge kila siku, maji mengi, asipigwe na baridi, na akishikwa na homa asingojwe hata kidogo, aletwe. Halafu akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye mama mtu ni keria. Hivyo ndivyo dada yangu alivyosikia. Huku kwetu keria ni kile chuma cha nyuma ya baiskeli, kinachobeba gunia la mahindi, kreti ya soda, au bibi ya mtu anayewahi sokoni.

Nyumbani kwa mume wake, mama mkwe aliuliza hospitali imesema nini. Dada yangu akajibu alivyosikia.

"Wamesema mimi ni keria."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. "Keria ya baiskeli ama ya pikipiki?"

Kicheko hicho ndicho kilikuwa cha mwisho katika lile boma kwa muda mrefu. Shemeji yake, mdogo wa mume, fundi wa injini za mashua na mtu mwema kabisa, alitoa simu ili asaidie. Akaandika neno. Simu ikamjibu: mbebaji.

Ukiliangalia juu juu, ni neno safi. Halina tundu, halina doa. Lakini mimi huuza viatu vya mitumba soko la Kibuye, Kisumu, na najua kiatu kinaweza kung'aa juu na soli ikawa imekufa. Katika boma lile mwanamume habebi. Anayebeba ni mwanamke. Hubeba maji, hubeba kuni, hubeba mimba. Kwa hiyo mbebaji wa ugonjwa alikuwa ni yule aliyebeba mimba. Alitoka nao kwao, akauingiza tumboni, akauzalia katika ukoo wa watu. Na kwa sababu kulikuwa na kaburi dogo nyuma ya nyumba, la mtoto wao wa kwanza aliyefariki akiwa amevimba mikono na miguu, kifo ambacho wakati ule kiliitwa malaria kwa kukosa jina lingine, kaburi nalo likapata mtu wa kulilipia.

Dada yangu alinipigia simu nikiwa sokoni.

"Owadwa," akasema, yaani ndugu yetu, na aliponiita hivyo nilijua si salamu. "Wameitisha kikao. Wanataka nirudi kwetu, mtoto abaki."

"Abaki na nani?"

"Na wao. Wanasema mbebaji akiondoka, mzigo pia unaondoka."

Nilitoka kwenye mwavuli nikasimama juani. Si kikao kilichonitisha. Ndoa huyumba, watu hukaa, kuku huchinjwa, mambo hurudi. Kilichonitisha ni ile hesabu yao. Mtu anayeamini ugonjwa umeondoka na mama, vidonge vya kila siku atampa mtoto vya nini? Homa ikija atamkimbiza hospitali kwa sababu gani, na kwake ni homa kama homa nyingine? Mtoto yule angekufa mikononi mwa watu wanaompenda, na wangelia kweli, halafu wangetafuta mbebaji mwingine.

"Waambie nitakuja," nikasema. "Waambie ninaleta maana ya hilo neno."

Nilisema hivyo kama mtu mwenye maana mfukoni. Sikuwa nayo. Baiolojia yangu niliiachia shuleni, na sidhani kama iliwahi kunitafuta. Tena kulikuwa na jambo la lugha. Wakwe zetu ni Wanyala, sisi ni Wajaluo. Tunapokaa pamoja tunasema Kiswahili, kila upande ukiwa umekiazima, na mwenyewe akiwa hayupo, hakuna anayejua tunaruhusiwa kukitumia vipi. Kwa hiyo sikutafuta tu maana. Nilitafuta maana itakayovuka kwa Kiswahili bila kumwaga kitu njiani.

Nikaanza na simu yangu, katikati ya wateja. Niliandika "kamusi ya jenetiki". Ikaja mitandao mingi, kila mmoja ukiniita kama makanga wa stendi. Wa kwanza ulikuwa na sura nzuri, rangi ya bahari, na maneno elfu sijui ngapi. Mimi nina desturi yangu sokoni: kabla sijauliza bei ya kitu nisichokijua, nauliza bei ya kitu ninachokijua. Muuzaji akinidanganya kwa kile, sina haja ya kusikia mengine. Sasa nikauliza mtandao ule neno ambalo hata mimi nakumbuka, zile nyuzi mbili ndefu zinazosokotana ndani ya seli kama kamba. Ukaniambia kwamba ni fuo mbili. Fuo, za ziwa, kwa sababu kwa Kiingereza strand ni uzi na pia ni ufuo. Ukasema ndani ya kila seli ya mwanadamu kuna fuo mbili zilizosokotana. Nikatazama upande wa ziwa, nikafunga ule mtandao.

Wa pili uliniambia alama ya jeni, ile Waingereza huita marker, ni kalamu ya wino mzito. Wa tatu uliniambia keria ni hamali, meli ya ndege za kivita, au kampuni ya simu. Wa nne ulisema yaleyale ya wa tatu, neno kwa neno, mpaka na kosa la tahajia katika "kampuni". Hapo nikajua hao ni mashahidi waliokula meza moja. Nguo ya bunda lile lile, ikatundikwa vibanda viwili ili mnunuzi afikiri amelinganisha.

Mwanamke wa kibanda cha jirani, mchuuzi wa mapazia kutoka upande wa Nyeri ambaye amekaa Kisumu miaka mingi kuliko wengi waliozaliwa hapa, aliniona nikiitukana simu.

"Bwana viatu, hiyo simu imekukopa?"

"Natafuta neno."

"Neno la Mungu ama la kawaida?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akaleta kiti chake. "Wewe unatafuta kama mtu wa Kiswahili," akasema. "Shika kwanza kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa na watu wa kazi hiyo, ujue ni kitu gani. Ndio ukitafutie jina. Pazia huwezi kukata kabla hujapima dirisha."

Ushauri huo ulinifaa kuliko mitandao yote. Nikaacha kutafuta neno, nikatafuta kitu. Nikapata faharasa mbili za Kiingereza, yaani orodha za maneno na maana zake, moja ya taasisi ya utafiti ya ng'ambo, nyingine ya idara ya chuo kikuu. Nilizikagua kama ninavyokagua kiatu, kukipindua mara mbili. Zilisema nani aliandika na nani alipitia. Zilisema lini zilirekebishwa mara ya mwisho. Nilipouliza neno ninalolijua zilinijibu sawa. Mahali fulani moja ilikiri kwamba neno linatumika kwa maana mbili na wataalamu hawajakubaliana, na hapo ndipo nilipoiamini, kwa sababu sijawahi kuona tapeli akisema hajui. Na zote mbili, kwa maneno tofauti, si ya kunakiliana, zilisema jambo moja kuhusu keria.

Kwamba kila mtu ana kopi mbili za maagizo ya kutengeneza damu, moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba. Kwamba keria ana kopi moja yenye kosa na moja nzima, na ile nzima humtosha, haumwi. Kwamba mtoto wa selimundu lazima awe amepata kopi yenye kosa kutoka pande zote mbili. Pande zote mbili. Nilisoma hapo tena na tena, mteja aliyeshika kiatu kimoja akakirudisha, akaondoka akidhani simtaki.

Na kosa lenyewe, walisema, ni la herufi moja. Katika maandishi marefu ya maagizo hayo, herufi moja imekaa mahali pa nyingine. Seli husoma kile kilichoandikwa, haina wa kumuuliza, na damu hujipinda. Kitendo hicho cha seli kusoma maagizo na kuyageuza kuwa mwili nacho kina jina katika faharasa. Kinaitwa tafsiri.

Ilibaki kurudi na kitu hicho upande wa Kiswahili, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kulikuwa na orodha ya Kiswahili iliyotengenezwa na walimu wa sayansi, imepigwa picha ikiwa imepinda, lakini kazi ya watu makini. Ile hali ya kuwa keria, waliiita "tabia". Kwenye kitabu ni sawa, tabia ya kiumbe, rangi ya macho, urefu wa mmea. Lakini hebu nenda Port Victoria, simama mbele ya wazee, useme kuhusu mke wa mtu kwamba vipimo vimeonyesha ana tabia. Hata hungemaliza. Ungesindikizwa mpaka stendi.

Nikaangalia jina la ugonjwa wenyewe. "Ugonjwa wa kurithi." Na huku ziwani kurithi ni kitu tunachokijua kwa jina na kwa sura. Mwanamke akifiwa na mume, hurithiwa. Ningesema huu ni ugonjwa wa kurithi, mzee angeuliza, kwa haki yake, ni mjane gani huyo na nani alimrithi. Ile kopi yenye kosa nayo, kwa kuwa hunyamaza mbele ya ile nzima, orodha iliiita "jeni dhaifu". Nikajiona nikimwambia mzee wa Kinyala kwamba damu yake ina kitu dhaifu. Nikalikata hilo kabla halijanikata.

Nikabaki na kopi. Neno la mtaani tu. Hakuna mtu katika nchi hii ambaye hajawahi kuambiwa alete kopi mbili za kitambulisho. Na lile kosa linalonyamaza, nikaliita lililojificha. Kwenye kliniki nilimsubiri sista mpaka foleni ikapungua, nikamsomea sentensi yangu. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Hiyo ni sawa," akasema. "Lakini mzee, bila karatasi ya baba wa mtoto, ni hadithi tu. Wataamini yako ama yao?"

Mume wa dada yangu hupeleka samaki Kisumu kwa gari la barafu. Nilimvizia anaposhusha mbuta, nikamwambia twende upimwe.

"Mimi si mgonjwa, shemeji."

"Ndiyo sababu nataka upimwe."

"Nikipimwa nipatikane mzima?"

"Utakuwa umepata karatasi ya kuonyesha watu. Nani hukataa karatasi nzuri?"

Hiyo ilikuwa njia ya sokoni, kumwonyesha mtu faida na kukaa kimya juu ya hasara. Alikubali. Majibu yalipotoka tulisimama nje ya maabara, karatasi ya dada yangu mkono huu, yake mkono ule. Zote mbili zilikuwa na herufi A na S, A ya kopi nzima, S ya kopi yenye kosa. Ile ya mtoto, S na S. Nilimweleza kopi kwa kopi. Alikuwa bado ana magamba ya samaki kwenye mkono, akawa anayabandua moja moja.

"Kwa hiyo na yule wa kwanza," akasema.

Nikampa karatasi yake.

Kikao kilikuwa mchana wa Jumamosi, kwenye baraza ya mabati ya baba yake. Walikuwa mzee, mama, mume wa dada yangu, na yule mdogo wake fundi wa injini. Dada yangu alikuwa jikoni, mlango wazi, mtoto mgongoni ingawa mtoto yule alishapita umri wa kubebwa. Alikuwa mwepesi.

"Bwana mkwe, karibu," mzee akasema. "Sisi hatuna vita na watu wenu. Tunataka tu kuelewa hiki kitu kimetoka wapi."

"Keria imekuja na fundi wake," mama akasema, si kwa sauti ndogo.

"Mama, hata baiskeli ina haki ya fundi," nikamjibu, na mzee akatabasamu kidogo. Nilidhani hiyo ni dalili nzuri.

Nikawaeleza. Sikusema mbebaji, sikusema tabia, sikusema kurithi wala dhaifu. Nilisema kila mtu hapa ana kopi mbili, ya mama na ya baba. Nilisema kuna mwenye kopi moja yenye kosa, na anaweza kuvuta nyavu mpaka uzee wala asijue, kwa sababu kosa limejificha nyuma ya ile nzima. Nilisema mtoto hawezi kuugua hivi kwa kopi moja. Lazima ziwe mbili. Na mama ana moja tu ya kutoa.

Mzee aliinamisha kichwa, akahesabu kwa vidole. Kidole kimoja, kisha kidole cha mkono mwingine. Akaviweka pamoja. Alikuwa ameelewa kabla ya wote.

"Unasema nyumba yangu," akasema polepole.

"Nasema nyumba mbili, Mzee. Nusu kwa nusu."

"Hakuna mtu amewahi kuugua hii kwetu."

Hapo mume wa dada yangu akasimama. Sikuwa nimemwomba. Alitoa karatasi yake kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kipande cha sabuni.

"Baba, mimi nimepimwa. Mimi pia niko nayo. Ni sisi wawili."

Jikoni, sufuria iliwekwa chini taratibu sana. Nilimtazama yule mtu na nikamheshimu, na bado namheshimu, hata baada ya yaliyofuata. Nikajiambia kimoyomoyo, sasa tumemaliza, bei imekubaliwa.

Mdogo wake akatoa simu. Nilikuwa nimemtumia zile faharasa mbili nilizoziamini, ili asirudi tena kwenye hamali na meli za kivita. Akasoma, akitafsiri mwenyewe, kwa uangalifu. "Wakikutana watu wawili wenye kopi moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto augue."

"Kila mimba?" mama akauliza.

"Kila mimba. Haipungui kwa sababu imeshatokea."

Mama alikuwa ameacha kuwa mkali. Aliniangalia kama mtu anayetaka kununua kweli.

"Baba, nikuulize na unijibu bila kona. Huyu kijana wangu akizaa na msichana ambaye hana hiyo kitu kabisa, inakuwaje?"

Mtu wa sokoni hujua swali lenye meno. Nililiona likija. Lakini nilikuwa nimesafiri kutoka Kisumu kwa jina la ukweli, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

"Hakuna mtoto wao atakayeugua hivi," nikasema. "Wengine watakuwa na ile kopi moja, basi."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

"Basi umesema mwenyewe," mama akasema.

Hakusema kwa ushindi. Nilikuja nikijua jinsi ya kupigana na neno bovu. Sikuwa nimefikiria neno zuri litafanya nini likishapokelewa. Nilikuwa nimewaondolea dhuluma nikawapa sababu. Walipoanza walikuwa na ujinga, na ujinga mtu anaweza kubishana nao mpaka jua lizame. Sasa walikuwa na faharasa mbili, karatasi tatu, na mimi.

Nikajaribu. Nikasema wapo wengi wanaoishi pamoja hivyo, kliniki inawasaidia, mtoto akitunzwa anakua, anasoma, anaolewa. Mume wa dada yangu alitazama sakafu. Alikuwa ametumia ujasiri wake wote kwenye ile karatasi, hakubakiwa na wa kitu kingine. Mzee akasema kijana wake ni mkubwa wa nyumba, na nyumba haiwezi kuendelea kwa kubahatisha.

Nilipoona ndoa imeondoka, nikageukia kile nilichokuja nacho moyoni tangu mwanzo.

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa hapa," mzee akasema. "Hiyo hata wewe unajua."

"Najua, Mzee. Lakini ana kopi mbili, moja ya hapa na moja ya kwetu. Kliniki iko Kisumu. Kuna vidonge kila siku. Homa ikimshika, ni gari saa hiyo hiyo. Nani atakuwa anamuamkia hapa?"

Mzee akamtazama mke wake. Mama alikuwa akitazama upande wa nyuma ya nyumba, ambako kaburi lilikuwa.

"Mimi nilizika mmoja," akasema. "Nilimwosha mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa hivi." Akaonyesha, akashindwa kumaliza. "Sitaki kuosha mwingine. Wamchukue. Wamchukue leo."

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Kwenye biashara ukipata unachokitaka mara ya kwanza unajua umelipa zaidi mahali fulani. Tuliondoka na dada yangu, mtoto, mfuko wa vidonge na sanduku la nguo. Baba mtu alitubebea sanduku mpaka barabarani. Mtoto alidhani anakuja naye, akamwekea nafasi kwenye kiti.

Sasa wanakaa kwangu Migosi, mtaa wa hapa Kisumu. Dada yangu hunisaidia sokoni, na ni mkali wa bei kunishinda. Mtoto hukaa juu ya bunda na chupa yake ya maji. Siku nyingine huwa mtoto kama mtoto yeyote. Siku nyingine mifupa humuuma mpaka hulia bila sauti, na tunafunga kibanda mapema, na mwanamke wa mapazia hutuuzia vilivyobaki. Baba yake hupita na gari la barafu, huacha samaki kwa mlinzi wa ploti tunayopanga, haingii.

Juzi, katikati ya asubuhi, kwenye simu yangu iliingia picha. Karatasi ya maabara, ya mtu nisiyemjua, msichana. Kisha simu ikalia. Alikuwa mama wa Port Victoria.

"Baba, habari ya siku nyingi? Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea, Mama."

"Mungu ni mwema. Nimekutumia karatasi. Tumepata msichana, wa watu wazuri, tumempeleka apimwe kwanza kama ulivyotufundisha. Sasa hii Kiingereza imetushinda. Huyu kijana wangu fundi na simu yake simuamini tena. Wewe ndiye unajua haya maneno. Imesema nini?"

Nikaikuza picha. Kulikuwa na jina la kipimo, tarehe, muhuri, na chini kabisa herufi mbili: A na A.

Dada yangu alikuwa hatua chache kutoka nilipo, akimvalisha mteja kiatu. Nilifikiria, sitasema sikufikiria. Herufi moja tu. Ningesoma S mahali pa A na wala sauti yangu isingetetemeka. Nimeuza viatu vibaya zaidi kwa uso mkavu zaidi. Msichana yule angerudishwa kwao salama, pengine ni heri yake. Nyumba ile ingetafuta mwaka mwingine. Labda mtu angesema, basi, kama wote wako hivi, huyo mke wa kwanza alikuwa na kosa gani.

Nilisoma mara ya pili, kama kawaida yangu. Herufi zilikuwa zilezile.

"Hana, Mama," nikasema. "Kopi zote mbili ni nzima."

"Uko na hakika?"

"Nina hakika."

"Asante, Baba. Ubarikiwe. Hata mzee alisema, tuulize huyo, huyo hawezi kutudanganya."

Akakata. Dada yangu alikuwa ameshamaliza na mteja, amesimama, mkono kiunoni. Alikuwa ameitambua sauti; ile sauti hata sokoni inasikika.

"Alikuwa anataka nini?"

"Maana ya neno."

"Umempa?"

"Nimempa."

Hakuniuliza neno gani. Alimwinamia mtoto juu ya bunda, akaitikisa ile chupa kuona imebaki kiasi gani, akaona imebaki nyingi.

"Kunywa," akamwambia. "Kunywa yote nikikuona."